Albadiri kwa Upepo wa Baiskeli

Jumamosi, baada ya adhuhuri.

Manyunyu ya asubuhi yamekatika, jua limetoka kwa fujo, na nguo nilizoanika zinafuka mvuke kwenye kamba. Mapaja yananiuma. Nikikaa nasema uwii, nikiinuka nasema uwii, na kila nikisema, mama mkwe wangu anacheka huko uani. Sijapata kufurahia maumivu namna hii.

Kabla sijaeleza kwa nini yananiuma, nina jambo la kuungama kwenu nyie mnaoingia humu kunisoma. Mara tatu zilizopita niliandika kwamba nimerudi kwenye baiskeli. Niliandika habari ya upepo wa asubuhi usoni. Niliandika habari ya mbwa aliyenifukuza hadi kwenye kona. Mkanipongeza, mmoja akaniandikia kwamba amelia kwa furaha.

Uongo mtupu. Hata huyo mbwa hakuwepo.

Nimeona nianze na hilo, kwa sababu wiki hii nimefundishwa adabu na uongo wangu mwenyewe, na nilipookolewa nimeokolewa na watu ambao sikustahili waniokoe.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mie ni mwalimu wa shule ya msingi. Nakaa Mabawa, na shule yangu iko nje kidogo ya mji, mwendo wa nusu saa kwa baiskeli. Miaka kumi na mmoja nimekwenda na kurudi hivyo. Kwetu Tanga si ajabu, mwanamke atapanga baibui lake vizuri, atapanda baiskeli yake ya kike, atakwenda zake, na hakuna wa kugeuza shingo. Ile nusu saa ilikuwa yangu peke yangu. Nyumbani mie ni Mama Rehema, shuleni mie ni madamu, lakini pale juu ya kiti hakuna anayeniita wala anayetaka kitu kwangu. Nilikuwa nikiimba. Kwa sauti mbaya, lakini nikiimba.

Miezi minane iliyopita, natoka kazini, pikipiki ikanigonga kwa nyuma. Nakumbuka honi. Nakumbuka mchanga mdomoni. Katikati ya honi na mchanga sikumbuki kitu.

Mtulinga ulivunjika, mguu wa kushoto ukavunjika mahali pawili. Kijana mwenye pikipiki alikuja hospitali na mjomba wake kuniomba radhi, analia kuliko mie. Nilimsamehe palepale na sikumdanganya, nilimsamehe kweli. Kumbe mie nilisamehe, mwili haukusamehe.

Siku ya pili yake mama mkwe, Bi Mwanakombo, akawasili kutoka Mwera, kule Pangani, na kapu moja mkononi. Alisema amekuja wiki moja. Huu ni mwezi wa nane. Niseme ukweli mwingine, maana leo ni siku ya ukweli: kabla ya ajali, mie na yeye tulikuwa watu wa kuheshimiana, yaani watu wasiopendana sana. Lakini ndiye aliyenikalisha kwenye kigoda akaniogesha wakati mguu uko ndani ya hogo la plasta na mkono umefungwa kifuani. Ndiye aliyenisuka. Nilipokuwa nikigomba kwa maumivu hakunijibu hata siku moja, na ukimjua Bi Mwanakombo utaelewa kwamba huo ni muujiza.

Na jirani yetu wa ukuta mmoja, Bi Tatu, kila asubuhi kwa miezi miwili aliniletea uji wa pilipili manga. Mkumbukeni huyo Bi Tatu, ndiye atakayenitia aibu mbele ya safari.

Mifupa ikaunga. Daktari akasema nitembee, nikatembea. Akasema naweza kurudi kazini, nikarudi. Siku moja nimetoka shule nakuta mume wangu, Baba Rehema, amesimama uani anatabasamu kama bwana harusi. Baiskeli yangu iko mbele yake. Ile ile iliyokuwa imepinda ikawa kama namba nane. Jioni zote nilizodhani yuko barazani na wenzake, kumbe alikuwa anainyoosha, anapaka rangi, anafunga tairi mpya. Ameipaka kijani kwa sababu anajua napenda kijani.

Ungemwambia nini mtu huyo?

Nilimwambia ahsante, na nilitokwa machozi, akadhani ni ya furaha. Nusu yake yalikuwa ya furaha.

Asubuhi yake nikaitoa nje. Nikashika usukani, nikanyanyua mguu kuweka kwenye pedeli. Mbali kabisa, barabara kubwa huko, gari likapiga honi. Mikono ikafa ganzi. Jasho likanitoka mpaka ndani ya viatu. Nilisimama pale nimekumbatia usukani, mwanamke wa miaka arobaini na mbili, mama wa mtu, namwomba Mungu nisianguke na baiskeli iliyosimama.

Basi nikaikokota. Nikaikokota mpaka shule, saa nzima na zaidi, na niliporudi Baba Rehema akaniuliza, "Vipi, inakwendaje?" Nikamwambia, "Mashallah, inateleza tu."

Uongo wa kwanza mtamu. Wa pili ndio kazi.

Maana watu wa Tanga wanajua baiskeli. Ukikokota baiskeli nzima, kila baraza linauliza. "Mwalimu, kulikoni?" Nikajibu pancha. Mzee mmoja akainuka, akabonyeza tairi kwa kidole gumba, akaniangalia. "Mbona imejaa, mwalimu?" Nikasema labda ni ya mbele. Akabonyeza na ya mbele. Nikasema nimechelewa, nikatimua mbio na baiskeli yangu mkononi.

Kuanzia siku iliyofuata nikawa natoa upepo mwenyewe. Nikitoka nyumbani naikokota kwa sababu ya mchanga, hilo lina udhuru. Nikifika nyuma ya ukuta wa ghala bovu, nainama, nafungua kizibo, nalegeza valvu, ssssss, narudisha kizibo vizuri, naendelea na safari yangu na tairi limelala. Sasa hata wabonyeze, ni pancha ya halali. Kwa fundi karibu na shule natiliwa upepo. Nikirudi mchana, karibu na uchochoro wa kwetu, ssssss tena.

Wiki sita. Mwalimu anayewachapa maneno watoto kwa kudanganya kwamba daftari limeliwa na mbuzi.

Kliniki niliwahi kukutana na muuguzi mmoja mpole wa kuzungumza na watu walionusurika ajali. Aliniambia hofu ile ina jina, inaitwa kiwewe, si wazimu wala si udhaifu wa imani, na kwamba ikisemwa inapungua. Nilimshukuru sana. Kisha nilipoulizwa kama naendesha, nikamjibu naendesha. Nilimdanganya hata mtu aliyekaa pale kwa ajili ya kuambiwa kweli. Kwa nini? Nimejiuliza sana. Nadhani niliona kila mtu amefanya sehemu yake, daktari kafanya, mume kafanya, mama mkwe kafanya, Bi Tatu na uji wake kafanya, na imebaki mie tu kupona. Niliona haya kuwa kiungo kibovu.

Jumapili iliyopita Baba Rehema alichoka na pancha zangu. Kila siku pancha, tairi mpya! Akaichukua baiskeli bila kuniambia, akaipeleka kwa Fundi Shekue, yule yule anayenitilia upepo. Fundi Shekue ni Mbondei wa watu, mkali kwa kazi yake, na mdomo haujui kupumzika. Akatoa tyubu, akaijaza, akaizamisha kwenye karai la maji, akaizungusha yote. Hata povu moja halikutoka.

Tulikuwa mkekani tunakula, wali na mchicha wa nazi, Baba Rehema akaingia amekunja uso.

"Fundi anasema hapana pancha pale, wala haijapata kuwapo. Kuna mtu anaitoa upepo."

Nikabaki na tonge mkononi.

"Mtu?" mama mkwe akauliza. "Mtu gani?"

"Hajulikani. Na kizibo anakirudisha, ati! Anafungua, anatoa, anafunga vizuri."

"Lahaula!" Bi Mwanakombo akaweka mkono kifuani. "Basi huyo anatufanyia na dharau juu. Mgonjwa ametoka hospitalini juzi, mguu wenyewe bado unachechea, mtu anakaa anamvizia amtoe upepo? Ili atembee? Ili auvunje tena?"

Ilikuwa nafasi yangu. Nafasi nzuri kabisa, mdomo wazi, watu wawili wanaonipenda, mchana mweupe. Nikasema, "Labda watoto tu, mama."

"Watoto gani wanarudisha kizibo? Huyu mtu mzima. Ijumaa nasoma albadiri."

Kama hukukulia pwani, nikuambie kwa kifupi. Albadiri ni kisomo. Ukidhulumiwa na mtu usiyemjua, wanakaa wasomi, wanasoma, wanamshitaki mbaya wako kwa Mungu bila kumtaja jina, na inaaminika kitakachompata kitamfuata alipo, hata awe amejificha chini ya kitanda. Masheikh wengi hawaipendi, wanakataza isichezewe. Lakini mwizi wa mbuzi akisikia tu kwamba kesho inasomwa, usiku huohuo mbuzi anarudi mwenyewe zizini.

Baba Rehema alijaribu. "Mama, albadiri kwa upepo wa baiskeli?"

"Leo upepo, kesho roho!"

Mjadala ukafungwa. Na mie nimekaa pale na tonge langu, mbaya asiyejulikana, namwangalia mama mkwe akinishitaki kwa Mwenyezi Mungu kwa kunipenda.

Jumatatu na Jumanne sikulala vizuri. Mnaweza kunicheka. Nimesoma, nina cheti changu cha ualimu, najua sayansi ya darasa la sita yote. Lakini nimelelewa hapa. Nilianza kuhesabu madhambi yangu na kujiuliza kama kisomo kitapambanua kati ya mtu mwovu na mtu mwoga. Jumanne nikajikwaa kwenye kizingiti cha ofisi ya walimu nikasema moyoni, yarabi, na bado hata hawajasoma.

Hiyo ilikuwa nusu ya kuchekesha. Jumatano haikuchekesha.

Mama mkwe alikuwa ameshapata mshukiwa wake. Bi Tatu. Waliwahi kugombana kwa ajili ya kuku waliofukua mboga, na kwa Bi Mwanakombo kesi haifi, inalala tu. Bi Tatu alikuja asubuhi ile na kibakuli cha maharage ya nazi, akapiga hodi kama kawaida yake. Mama mkwe hakuitika. Alimwangalia, akageuka, akaendelea kufagia mpaka miguuni kwa mwenzake. Bi Tatu akabaki amesimama na kibakuli mkononi. Akaniangalia mie, kama anauliza, mwanangu, nimekosa nini?

Nikapokea kile kibakuli. Nikasema ahsante, nikaangalia chini.

Mwanamke aliyenipikia uji siku sitini, na mie nimeangalia chini.

Nilipofika nyuma ya ghala siku ile sikutoa upepo. Nilikaa juu ya tofali nikalia kwa sauti, kilio cha kitoto, na kamasi zake. Nadhani ndipo nilipokoma kuogopa albadiri nikaanza kujiogopa mwenyewe. Hofu nilidhani ni yangu peke yangu, nimeificha mfukoni, haimdhuru mtu. Kumbe imetoka, imekwenda kumchafua Bi Tatu mlangoni kwangu.

Alhamisi alasiri Bi Mwanakombo alikuwa jikoni amekalia mbuzi anakuna nazi ya wali wa wageni wa Ijumaa. Ameshawaalika Maalimu na wenzake, na wanawake wa mtaa. Nazi saba. Nikaingia, nikakaa chini sakafuni mbele yake, maana nilijua nikisimama nitakimbia.

"Mama, msisome kesho."

Hakuinua kichwa. "Kwa nini?"

"Itanipata mie."

Mkono ukasimama ndani ya kifuu. Nikasema yote. Honi, ganzi, ghala, valvu, kizibo. Nikasema na habari ya muuguzi, nikasema na habari zenu nyie, kwamba nimeandika uongo mpaka mtandaoni. Nikasema kwamba Bi Tatu hana kosa hata la punje. Niliongea nikiangalia ile nazi iliyokunwa kwenye sinia, na nilipomaliza sikuinua uso.

Nikajua ndiyo basi. Kesho atafunga kapu lake atarudi Mwera.

Halafu nikasikia sauti, nikainua uso. Bi Mwanakombo alikuwa analia. Machozi yanamtiririka, kifuu bado mkononi.

"Wewe mtoto wewe," akasema. "Kwa hiyo wiki sita unatembea? Na mguu huo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi na mie nikwambie langu. Kila ukitoka na dude lile, mie nasimama mlangoni nakusomea mpaka nakauka koo. Sikutaka ulipande tena, wallahi. Mwanangu alipokuwa analitengeneza nilitamani lishike kutu. Na kila ukirudi unalikokota, unasema pancha, mie nasema alhamdulillahi, leo hakulipanda." Akajifuta kwa upindo wa kanga. "Nilipoambiwa kuna mtu anakutoa upepo nilipandwa na hasira kubwa, kwa sababu huyo mtu alikuwa anafanya nililolitamani mie mwenyewe. Nikataka aadhibiwe yeye, nisalimike mie."

Tukaangaliana. Sijui nani alianza kucheka. Najua tulicheka mpaka Bi Mwanakombo akapaliwa, nikampiga mgongoni, na nazi ikamwagika nusu yake sakafuni.

Jioni nikamwambia Baba Rehema. Hakucheka yeye. Akasema, "Kumbe nimekutengenezea kitu kinachokutisha, nawe ukanishukuru." Akatoka nje, nikamwona anaifuta baiskeli kwa kitambaa, polepole, ingawa haikuwa na vumbi. Nikamfuata nikakaa karibu yake. Nilimwambia naitaka. Naiogopa na naitaka, vyote viwili. Akasema sawa, basi itakungoja.

Ikabaki kesi ya wageni. Mgeni uliyemwalika kisomo humwambii usije, na nazi saba zilizokunwa hazirudi vifuuni. Nikamuuliza mama tufanyeje. "Wewe funga mdomo wako," akanijibu. "Umeutumia vya kutosha."

Jana baada ya swala ya Ijumaa wakaja. Wanaume wakakaa sebuleni, sie wanawake chumba cha ndani, pazia katikati. Bi Tatu alikuja pia. Alikaa karibu na mlango, upande wa viatu, kama mtu asiyejua kama amealikwa kweli. Bi Mwanakombo akainuka mbele ya wote, akamshika mkono, akamleta juu kabisa kwenye mkeka mpya, akamkalisha ubavuni pake. Kahawa ilipokuja akampa yeye kikombe cha kwanza. Neno la msamaha hakulisema, Bi Mwanakombo hajui kulitamka. Lakini kila mwanamke mle ndani alilisikia, na Bi Tatu alipokunywa ile kahawa macho yalikuwa yamelowa.

Kisha mama mkwe akasogea kwenye pazia, akakohoa.

"Maalimu, yule mtu tuliyekuitia tumemjua. Amekuja mwenyewe kwa miguu yake, ameomba radhi, nami nimemsamehe. Kwa hiyo kisomo kile hatukitaki tena. Tusomeeni cha shukrani, kwa mgonjwa wetu aliyenyanyuka. Na huyo mtu naye muombeeni dua, maana nimemwona, naye ni mgonjwa."

Minong'ono ikaanza. Ni nani? Ni nani, jamani? Bi Mwanakombo akageuka na jicho lile la Mwera. "Mungu kamsitiri, nyie mnataka kumvua?"

Wakasoma. Harufu ya udi, sauti za wazee zinapanda na kushuka, na mie nimekaa katikati ya wanawake nimejifunika mtandio mpaka puani. Walipofika kwenye dua, Maalimu akaomba kwa Kiarabu, kisha akaomba kwa Kiswahili ili tuelewe wote. Akashukuru kwa ajili yangu, kwa jina langu. Halafu akasema, "Na mja wako yule, ya Rabbi, sisi hatumjui, wewe unamjua. Kilichomo moyoni mwake kilichomfanya alifanye jambo lile, kiondoe. Kama ni chuki kiondoe, na kama ni hofu kiondoe. Mrudishie alichokipoteza."

Nyumba nzima ikaitikia amina.

Sijui nieleze vipi. Watu thelathini wamekuja kunilaani, wamekaa wananiombea, hawajui kama ni mie. Bi Tatu ananiombea, viganja juu. Nami nikaitikia amina kwa nguvu mpaka jirani yangu akanigeukia.

Nimeshukuru mara nyingi tangu ajali, kwa mdomo, kama ada. Jana nilishukuru kwa mwili mzima.

Alasiri, vyombo vimeshaoshwa, Bi Mwanakombo akajifunga kibwebwe. "Haya, lete hilo dude." Tukaenda kwenye kiwanja cha mpira nyuma ya nyumba. Akashika keria kwa mikono miwili, bibi wa miaka sitini na tisa. "Panda. Sikuachii." Nikapanda. Mikono ikafa ganzi kidogo, ikarudi. Nikasukuma pedeli moja, ya pili. Yeye anakimbia nyuma anahema, anasoma, anagombeza, vyote kwa pumzi moja: "Angalia mbele! Bismillahi! Usipinde! Angalia mbele nimesema!" Na kweli hakuniachia. Tulizunguka kiwanja mara mbili hivyo, mpaka nikasimama mie kwa kumhurumia yeye. Alikuwa amepoteza ndara moja.

Na leo asubuhi nikaenda peke yangu.

Shule imefungwa leo, lakini nilitaka njia yenyewe. Manyunyu yananidondokea, breki zinalia, mapaja hayaamini. Nilikwenda taratibu, bata angenipita. Nilisimama mara nne kupumua kama alivyonifundisha yule muuguzi, ambaye kliniki ijayo nitakwenda kumwambia kweli. Kwa Fundi Shekue nilisimama mara ya tano nikamweleza kila kitu, maana alistahili. Aliniangalia kwa hasira. "Mwalimu, mie nimekubadilishia valvu mara tatu! Nimekaa nasema, Shekue umezeeka, macho yamekwisha, watu watakukimbia!" Nikamwomba radhi. Akanuna kidogo, halafu akabonyeza tairi zangu zote mbili, akaniambia, "Nenda zako. Na ukinitolea upepo tena nasoma mie."

Mbele ya hapo ndipo pale nilipogongwa.

Sijapita pale juu ya baiskeli tangu siku ile. Pana mtaro na kibanda cha mkaa, mahali pa kawaida kabisa. Nilikuwa nimepanga nishuke, nikokote hatua hamsini, nipande tena mbele. Hakuna ambaye angenilaumu. Nilikuwa bado najadiliana na nafsi yangu, nishuke, nisishuke, niliposikia pikipiki nyuma.

Ikapiga honi.

Mwili ukakaza wote. Mchanga ukanijia mdomoni, ladha ile ile. Sikufumba macho. Nikasema angalia mbele, kwa sauti ya Bi Mwanakombo, nikasukuma pedeli, nikasukuma tena. Pikipiki ikaja ubavuni, ikapunguza mwendo, na kijana aliyevaa kofia akageuza uso.

"Shikamoo madamu! Umerudi!"

Nilimfundisha darasa la nne, hajui hesabu mpaka leo. Kumbe ile honi ilikuwa ya kunisalimia.

"Marahaba, baba!" nikapiga kelele. "Punguza mwendo!"

Akacheka, akaenda zake. Nami nikawa nampungia, nampungia mpaka alipokata kona, na ndipo nilipogundua kwamba mtaro umebaki nyuma yangu, na kwamba naendesha kwa mkono mmoja.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, inshallah, naondoka na upepo wangu wote.